Diski Zenye Matundu za Abti Yusuf

Garissa, jioni ya kuamkia safari yako

Nasir mwanangu,

Umetoka kwenda kumuaga ayeeyo, na bibi yule hamwachilii mjukuu kabla hajamlisha akashiba na kumlisha tena, kwa hiyo nina nafasi ya kusema bila kukatizwa. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Kisomali changu na wewe ni cha kufoka tangu ulipokuwa ukitambaa. Nikikitumia leo nitafoka, utacheka, na mambo yataishia hapo. Kiswahili nilikisomea, nakifundisha, na nimepigana nacho katika kurasa za barua za magazeti mpaka wahariri wakaujua mwandiko wangu. Nikikishika hunilazimisha nimalize nilichokianza.

Sitakuambia uswali. Sitakuambia ule. Sweta za baridi ya Nakuru umeshapakia, nimeziona. Mtu anayekwenda kuanza kazi ya udaktari wa mifugo katika mji wa wengine hahitaji mama wa kumkumbusha soksi. Nina jambo moja tu, nalo liko uani juu ya gunia: diski mbili za breki zilizotobolewa matundu, alizokuletea abti yako Yusuf leo mchana, na kando yake diski mbili nzima, za kawaida, nilizonunua mimi. Gari lako limesimama juu ya mawe bila magurudumu ya mbele. Fundi Mutua atarudi baada ya swala ya alfajiri, naye atafunga zile utakazomwonyesha. Nataka umwonyeshe zilizo nzima. Barua yote ni hiyo. Yanayofuata ni sababu, na unanijua, sababu zangu huwa ndefu.

Ulikuwa sokoni ukiagana na wenzako, hukuyasikia yaliyosemwa, na sitaki uyasikie kwa mtu mwingine. Mutua alikuwa amefungua magurudumu ili aone kwa nini gari linatetemeka. Akanionyesha diski za zamani: zimelika mpaka zikawa nyembamba, ukingoni kumebaki mdomo unaoweza kuukwaruza kwa kucha. Hizo hazifai tena, hapo hatubishani. Ndipo Yusuf akaingia na kasha lake, akalifungua mbele ya fundi kana kwamba anafungua sanduku la mahari.

"Fundi, funga hii," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Hii iko na nguvu. Hii ni ya magari ya mashindano."

Mutua akayatazama matundu, akanitazama mimi, akaanza kujipangusa mikono ambayo haikuwa michafu. Ameishi Garissa miaka ya kutosha kujua kwamba ndugu wawili wa Kisomali wakianza kuvuta pumzi namna ile, mgeni hutafuta kitambaa.

"Anashindana na nani?" nikamuuliza Yusuf.

"Abaayo, dada yangu, usianze."

"Nauliza tu. Kijana anakwenda kuchanja ng'ombe. Ng'ombe wenyewe watakuwa wamefungwa."

"Anakwenda Nakuru! Unajua kuna nini kabla ya Nakuru, au umezeeka umesahau?"

"Sijasahau. Nilikuwa kwenye usukani."

"Basi ungekuwa wa kwanza kunishukuru. Wanafunzi wamekuchoka sasa unafundisha chuma?"

"Chuma angalau hakidai kimemaliza kazi ya nyumbani."

"Wallahi, wewe! Wewe uliyeloweka breki mtoni kama maharagwe!"

Mutua akacheka, akajifanya anakohoa. Na hapo Yusuf akaacha mzaha, akasema kile alichokuja kukisema. "Hii ni sahay yake. Mimi ni abti. Mkiikataa, mmenikataa mimi." Akaenda zake bila kunywa chai. Yusuf hajawahi kutoka nyumbani kwangu bila kunywa chai.

Wewe unajua sahay ni nini, masurufu ya msafiri, lakini sijui kama umewahi kufikiri juu yake. Babu yako alipokuwa akimpeleka mtu safari ya kwenda Wajir kwa miguu, mtu huyo alifungiwa nyirinyiri, nyama iliyokaushwa, ndani ya samli na kibuyu cha maji, na mwenye haki ya kwanza ya kumfungia alikuwa mjomba wake, ndugu wa mama. Hakuna aliyeikataa sahay ya abti. Kuikataa ilikuwa kusema: damu ya mama yangu siihesabu. Desturi hiyo naipenda na sitasimama mbele yako kuivunja. Ugomvi wangu ni kwamba sahay ilikuwa kitu cha kumfikisha mtu. Hakuna abti aliyemfungia mpwa wake kibuyu kilichotobolewa ili kipendeze.

Sasa nikurudishe kwenye mteremko ambao mimi na yeye tunautupiana kila tukigombana. Umeusikia vipande vipande, kila mtu kwa upande wake. Mimi nitakupa wote.

Ulikuwa mdogo. Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mgonjwa wakati ule, na duka lilikuwa linanitegemea mimi. Tulipakia pikapu ngozi za mbuzi, mlima wa ngozi, tukaelekea Nakuru kuziuza. Mimi naendesha, Yusuf kando yangu, harufu ya ngozi imetuingia mpaka kwenye meno. Nilikuwa dereva mzuri. Nasema hivyo bila aibu. Nilijua mchanga, nilijua matope ya baada ya mvua, nilijua kusoma masikio ya ngamia aliye kando ya njia nikajua kama atavuka. Lakini fikiri, mwanangu, ni wapi hapa kwetu ambapo ardhi inainama? Kutoka hapa mpaka Wajir, kutoka hapa mpaka Kotile, nchi ni kama meza. Ukiondoa ule mteremko mfupi wa kushuka kwenye daraja la Tana, dereva wa Garissa anaweza kuzeeka bila kujua mlima unataka nini kwake. Na darajani pale sote tunafanya nini? Tunaitoa gia, gari linajishukia lenyewe, tunajisifu kwamba tumeokoa petroli.

Basi nilipoufikia ukingo wa Bonde la Ufa, nchi yote ikafunguka chini yangu, nikafanya kile ninachokijua. Nikaitoa gia. Gari likaanza kukimbia, nikaweka mguu kwenye breki, nikauacha pale. Sikuuinua. Niliukalisha mguu ule kwenye breki kama mtu aliyekaa kitini. Yusuf akasema, "Abaayo, kuna kitu kinaungua." Nikamwambia ni ngozi. Kona moja baadaye pedeli ikawa laini, na kona iliyofuata ikashuka mpaka chini bila kugusa kitu, kama unakanyaga sponji ndani ya ndoo. Yusuf akaanza kusoma shahada kwa sauti. Mimi nilikuwa nimekasirika mno hata nisiweze kusoma chochote. Nikaulengesha upande wa kushoto wa pikapu kwenye ukuta wa mlima, tukaukwaruza ukuta ule kwa urefu ambao hadi leo hatukubaliani, mlango wa Yusuf ukakunjika, kamba zikakatika, ngozi za mbuzi zikatapakaa barabarani. Tukasimama. Upande wa pili wa barabara hapakuwa na ukuta. Palikuwa na hewa.

Yusuf alitoka kupitia dirishani akakaa juu ya lundo la ngozi. Mimi nilisimama nikaanza kutafuta wa kumlaumu.

Huo ndio ugonjwa wangu, na umekuwa na faida zake. Shule yetu isingekuwa na darasa la nne kama nisingekuwa mtu wa kutafuta wa kumlaumu. Lakini siku ile ulinitia upofu. Niliamua palepale kwamba mkosaji ni chuma. Nilirudi nyumbani nikaandika barua kwa gazeti, ndefu, yenye moto, juu ya wafanyabiashara wanaoleta vyuma dhaifu nchini na kuwauzia watu wa pembezoni wakidhani hatujui kusoma. Waliichapisha. Watu walinipongeza hadi Mandera. Mzee mmoja wa soko la ngamia alimwomba mwanawe amsomee kwa sauti, kisha akataka asomewe tena. Na kila nilichoandika juu ya wafanyabiashara kwa jumla kilikuwa kweli, ila hakikuwa kweli juu ya pikapu yangu.

Nikiwa na utukufu huo, nilimsikiliza Yusuf. Alisema tununue diski bora kuliko zote, na tukanunua, Nairobi, bei ambayo sitaitaja. Wakati ule hazikuwa na matundu, zilikuwa na michirizi iliyochongwa, na muuzaji alituapia kwamba pikapu sasa inaweza kusimama juu ya sarafu. Tukarudi katika msafara uliosindikizwa na polisi, gari nyuma ya gari, vumbi la mwenzako ndiyo taa yako, breki kila baada ya hatua chache, kizuizi baada ya kizuizi. Tulipofika darajani nilifanya kile ambacho kila mtu wa mji huu hufanya ili asiingie nyumbani na vumbi la watu. Nilishuka mpaka ukingoni, nikaliingiza gari kwenye maji ya Tana kulikosha. Chuma kilikuwa moto kuliko sufuria ya mahamri. Maji yakafoka. Yusuf akacheka, akasema hata breki zimesema alhamdulillahi.

Wiki ile ile usukani ukaanza kutetemeka mikononi mwangu kila nikifunga breki. Diski bora kuliko zote zilikuwa zimepinda.

Nikachukua kalamu tena! Nataka ucheke hapa, kwa sababu mimi sikucheka. Nilikuwa naanza barua ya pili dhidi ya muuzaji, na kwa kuwa nilitaka kumshinda kwa ushahidi, nilikwenda kwenye pikapu nikatoa kile kitabu cha maelezo kinachokaa ndani ya kisanduku cha mbele. Nimesoma historia za falme, nimesoma falsafa ya Waarabu na hoja za Wazungu waliowapinga, nimesoma hata magazeti yaliyofungiwa sukari. Kitabu kile kilikuwa kimekaa mbele ya magoti yangu muda wote sijawahi kukifungua. Nilikifungua nikitafuta silaha. Nikakuta mahali wameandika, kwa upole wa kuudhi, kwamba kwenye mteremko mrefu dereva atumie gia ndogo ili injini ilizuie gari, asikanyage breki mfululizo. Na ukurasa mwingine wakaandika kwamba breki zenye moto zisimwagiwe maji baridi. Hakuna mahali walipotaja wafanyabiashara.

Niliukunja ule mwanzo wa barua nikawashia jiko. Lakini ile ya kwanza iliyochapishwa sikuisahihisha. Niliona nikiisahihisha, wale niliowashinda katika mambo mengine watasema hata hayo nilikosea. Kwa hiyo Yusuf, ambaye ndiye aliyekaa upande wa ukuta, hakuwahi kusikia kutoka kwangu waziwazi kwamba mguu wangu ndio uliotupeleka pale. Alibaki na somo nililolichapisha gazetini: chuma kilikuwa dhaifu, tafuta chuma chenye nguvu. Leo amekuja na chuma chenye nguvu. Ndugu yangu amekuletea barua yangu mwenyewe ndani ya kasha.

Kwa hiyo sasa niseme kile nilichopaswa kusema tangu zamani, na ukisikilize kama mtu aliyesoma, si kama mtoto.

Gari halisimamishwi na diski. Linasimamishwa na tairi inapoishika barabara. Diski na pedi kazi yao ni kulizuia gurudumu lisizunguke. Likishazuiwa, kilichobaki ni kati ya mpira na lami. Juzi kwenye barabara ya uwanja wa ndege nilikuwa kando yako ngamia alipovuka. Uliikanyaga breki kwa nguvu zako zote, magurudumu yakafunga, tukaburuzika, mistari miwili myeusi nyuma yetu. Unakumbuka mchungaji alivyokufokea? "Waryaa! Mgonge uone! Utawaita wazee wa ukoo wako wote waje wakae hapa na wa kwetu mpaka mvua inyeshe!" Ukaona haya, mimi nikawa naiangalia ile mistari. Diski zako wakati huo zilikuwa zimelika kama ukucha, na bado zilikuwa na nguvu ya kuyafunga magurudumu. Kama diski mbovu zinaweza kulifunga gurudumu, za mashindano zitalifunga mara ngapi? Gurudumu likifunga limefunga. Kilichotushinda siku ile ni tairi zako za mbele, ambazo zina upara kuliko abti yako.

Na yale matundu. Nimeuliza, nimesoma, nimemsumbua kila aliyewahi kufungua gurudumu kati ya hapa na Thika. Yalibuniwa kwa ajili ya magari yanayokimbizana, enzi ambazo pedi za breki zikipata moto mkali zilitoa gesi, na gesi ile ilihitaji mahali pa kutokea. Pedi za siku hizi hazina tabia hiyo, na wewe hutaendesha hivyo, labda kama ng'ombe wa Nakuru wana mbio nisizozijua. Kinachobaki ni chuma kilichopunguzwa. Chuma ndicho kinacholibeba joto, ukikitoboa umebakiwa na kidogo cha kulibeba. Ufa ukitaka kuanza huanzia penye tundu. Na huku kwetu kila tundu ni mfuko wa mchanga, mchanga ule unakula pedi kila ukikanyaga. Sijasema bado kwamba kasha la Yusuf halina jina la aliyezitengeneza. Nililigeuza pande zote.

Usinielewe kwamba nachukia kila kitu kilichoboreshwa. Mtu anayeteremka mlima kila siku na lori lililojaa mawe, huyo na atafute diski kubwa zaidi, nene zaidi, zenye nafasi ya kupitisha hewa katikati, na pedi zinazolingana nazo. Ana sababu, joto lake ni la kweli. Anayekimbia mashindano, vilevile. Lakini mtu wa kwenda kazini na kurudi, kusimama penye wanaovuka, kwenda sokoni Jumamosi? Huyo anahitaji diski nzima zisizopinda, pedi nzuri, mafuta ya breki mapya, na tairi. Mafuta ya breki ya gari lako yalikuwa na rangi ya chai ya rangi. Mutua ameyamwaga leo. Mafuta kama hayo ndiyo yaliyochemka ndani ya pikapu kule mlimani miaka ile. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke ukiukanyaga unabonyea tu, ndiyo sponji ile. Hakuna tundu kwenye diski linaloweza kuyaponya. Lakini nani atakuuzia kopo dogo la mafuta kwa majigambo? Halionekani kupitia rimu. Biashara hii yote inakula kwa sababu tunataka usalama unaoonekana na majirani.

Najua hapo ndipo nimekugusa. Ulirudi kutoka sokoni, ukaziona juu ya gunia, ukachuchumaa, na macho yako yakawa ya mtoto. "Hooyo," ukasema, "zinapendeza hata gari likiwa limesimama." Nami nikakujibu kwa ukali kwamba gari likiwa limesimama halihitaji breki. Halikuwa jibu la haki, kwa sababu kulikuwa na jingine chini yake, ambalo ulilisema mlangoni ukidhani sisikii: kule wasikuone umetoka porini.

Mwanangu, watakuona. Utasimamishwa penye kizuizi, magari yaliyo mbele na nyuma yatapita, wewe utaombwa kitambulisho. Ukikitoa utaombwa ile kadi nyingine, ya kuchunguzwa kama sisi ni raia, ambayo hakuna mwenzako ofisini atakayejua ipo. Ukiitoa utaulizwa babu yako alizaliwa wapi. Nimeandika juu ya jambo hilo mpaka wino ukaisha na nikanunua mwingine, na sitaacha mpaka niingie kaburini. Lakini hakuna askari hata mmoja atakayeinama kutazama diski zako kisha akuite raia. Usikipe chuma kazi ambayo ni yako wewe kuifanya kwa mdomo wako, ukisimama wima, kwa Kiswahili safi nilichokufundisha. Umetoka Garissa. Fika Nakuru ukiwa umetoka Garissa, ukiwa mzima.

Maana hofu yangu ni hii, na naiweka mezani bila kuipamba. Kesho utaufikia mteremko ule. Ukiwa na diski za kawaida utajua una gari la kawaida, utaweka gia ya pili, utaacha injini ivute, utakanyaga breki na kuachia, kukanyaga na kuachia, kama mtu mwenye heshima kwa mlima. Ukiwa na hizo za mashindano utaamini umebebwa. Nakujua kwa sababu ulitoka kwangu. Mimi nilipopata diski zenye michirizi niliendesha kama mjinga kwa zile siku chache kabla hazijapinda, nikiwasogelea walio mbele mpaka naona kope zao kwenye vioo. Matundu hayatakuua peke yake. Yatakushika mkono yakupeleke kule ambako miguu yako mwenyewe ingekataa.

Na hata hizo nzima, kwa kuwa ni mpya, mpaka Thika ukanyage breki kwa upole, kidogo kidogo, pedi na diski zizoeane. Hilo ni agizo la kila siku na nilisema sitatoa. Nimetoa. Sitoi jingine.

Kuhusu abti yako. Baada ya Yusuf kuondoka bila chai nilibaki nimekasirika mpaka maghrib, kisha nikamwona tena juu ya lile lundo la ngozi, meno yakigongana. Mtu yule hajawahi kuteremka mlima ule tena. Biashara zake zote amezipeleka upande wa Mombasa, na akiulizwa husema bei za Nakuru ni mbaya. Aliposikia wewe unakwenda kuishi chini ya mteremko ule hakulala, mkewe ameniambia. Amezunguka na kasha hilo kwa sababu hawezi kukaa kando yako kwenye kiti kile. Usimdharau hata kwa kope.

Kwa hiyo hutazirudisha kupitia kwangu, wala kwa kumwacha azikute uani umeshaondoka. Hivyo ndivyo watoto wanavyokataa. Baada ya swala mfuate dukani kwake, atakuwa amefungua, yeye hufungua kabla ya kila mtu. Mchukulie kasha. Mwambie: Abti, sahay yako nimeipokea, nami naomba unigeuzie iwe tairi. Nyuma ya magunia yake ya mchele kuna tairi za saizi yako, nimeziona kwa macho yangu. Atabisha. Atauliza ni mama yako amekutuma? Mwambie ndiyo, na umwambie pia kwamba mama amesema siku ile ya mteremko mkosaji alikuwa mguu wake. Sema maneno hayo hasa. Mimi nitamwambia pia, uso kwa uso, akija kunywa chai yake. Lakini yeye anahitaji kuyasikia kesho, kabla hujaondoka, ili naye apate kulala. Na juu ya tairi za abti ndiyo utasafiri, zikishikana na lami kila hatua ya njia. Hiyo ni sahay.

Nimefikiri kumwamuru Mutua afunge zile nzima wewe ukiwa bado kwa ayeeyo. Ningeweza. Gari lingekuwa tayari, na usingeweza kunifanya kitu. Lakini mtu anayeondoka kwa mama yake akiwa amefungiwa breki kwa nguvu hataufikia mteremko ule akiwa na akili yake mwenyewe, na kule akili yako ndiyo itakayokaa kwa niaba yangu, kwa kuwa mimi sitakuwepo.

Au nitakuwepo. Ukimwonyesha Mutua zile nzima, nitasimama langoni nikupungie mkono, nikulilie kidogo kama akina mama wengine, niingie ndani. Ukimwonyesha zenye matundu, sitapiga kelele. Nitapanda. Mwalimu mkuu amenipa ruhusa, mkoba wangu nimeshaufunga, na nimemwomba jirani awape mbuzi maji. Nitakaa kiti cha mbele, pale alipokaa Yusuf, nifunge mkanda, na kuanzia daraja la Tana mpaka chini kabisa ya Bonde la Ufa nitakuwa nakutajia gia kwa sauti, kwa Kisomali.

Hooyo